"Fisherman", "fisher" au "angler"? Swali la daftari linalogusa afya ya mama

Ni saa moja usiku katika nyumba moja ya mwambao. Mtoto wa darasa la sita amelaza daftari mkekani, na mbele yake kuna kazi ya Kiingereza aliyopewa shuleni. Juu kuna picha ya mtu ameshika wavu. Chini yake kuna maneno manne: "fisherman", "fisher", "angler" na "fishmonger". Anatakiwa kuandika maana ya kila moja.

Neno la kwanza anaandika "mvuvi". La pili, "mvuvi". La tatu, baada ya kupekua kamusi, anaandika "mvuvi" tena. Hapo anakwama na kumgeukia mama yake, ambaye tangu asubuhi hadi adhuhuri alikuwa pwani, maji yamekupwa, akichokoa pweza kwenye mashimo ya mwamba.

Mtoto anataka kujua kwa nini Kiingereza kina maneno matatu kwa mtu mmoja. Kisha anauliza jambo jingine, zito zaidi. Kama mvuvi ni "fisherman", mama naye anaitwaje?

Swali la kwanza linajibiwa na kamusi nzuri. La pili linahitaji mzazi, maana linagusa jambo ambalo hata mashirika makubwa ya dunia yamelihangaikia kwa miaka mingi: nani anahesabiwa kuwa anavua, na nani anaachwa nje. Anayeachwa nje ya neno huachwa pia nje ya daftari la takwimu, nje ya mafunzo ya usalama, na wakati mwingine nje ya mazungumzo yake mwenyewe na mhudumu wa afya.

Tuanze na kazi ya mtoto, kisha twende kwa mama.

"FISHER" NDILO KONGWE

Watu wengi hudhani "fisher" ni neno jipya lililotungwa maofisini. Sivyo. Kati ya maneno hayo ya mtu anayevua, hili ndilo la zamani zaidi kuliko "fisherman". Lilikuwamo katika Kiingereza cha kale, kabla ya "man" kuunganishwa nalo.

Mweleze mtoto kwa mifano anayoijua. "Teach" hutoa "teacher", "farm" hutoa "farmer", na "fish" hutoa "fisher". Ni njia ileile ya Kiswahili: anayepika ni mpishi, anayejenga ni mjenzi, anayevua ni mvuvi. Neno linataja kazi tu. Halisemi kama mwenye kazi ana ndevu au amejifunga kanga.

"Fisherman" lilikuja baadaye, na kwa muda mrefu maneno hayo mawili yaliishi pamoja. Tafsiri maarufu ya Biblia kwa Kiingereza iliyotoka mwaka 1611 inayo yote mawili. Katika Injili ya Mathayo, Petro na Andrea wanaitwa "fishers". Katika Injili ya Luka, wenye mashua waliokuwa wakiosha nyavu zao wanaitwa "fishermen". Kazi ni moja, kitabu ni kimoja, maneno mawili.

Kadiri miaka ilivyopita, "fisherman" likashika mazungumzo ya kila siku, na hadi leo ndilo linalosikika zaidi kwa wasemaji wa kawaida wa Kiingereza. Kwa hiyo mtoto akiliandika hajakosea. Ajue tu kwamba "man" ni mwanamume, na kwamba neno hilo humchora mwanamume kichwani hata pale msemaji hakukusudia. Ndiyo maana "policeman" limekuwa likipisha "police officer", na "fireman" likipisha "firefighter". "Fisher" limerudi kwa sababu hiyohiyo.

Zipo tahadhari mbili ndogo. "Fisher" pia ni jina la mnyama wa msituni Amerika Kaskazini, mwenye manyoya, wa jamii ya kicheche, ambaye licha ya jina lake si mlaji mkubwa wa samaki. Mtoto akitafuta neno hilo kwenye simu asishangae kuona picha yake.

Ya pili ni kwamba si kila mwanamke hulipenda "fisher". Wapo wanawake wanaovua Alaska na Maine, nchini Marekani, wanaojiita "fishermen" na hawataki kubadilishiwa. Kwao hilo ni jina la kazi waliyoihangaikia kuingia. Funzo kwa mtoto ni jepesi: unapoandika kuhusu watu kwa ujumla, "fisher" ni salama, unapozungumza na mtu mmoja, msikilize anavyojiita.

"ANGLER" NI MTU WA NDOANA

"Angler" limetokana na "angle", ambalo katika Kiingereza cha zamani lilikuwa na maana ya ndoana. Kwa hiyo "angler" ni anayevua kwa ndoana na mshipi, mara nyingi akiwa na ufito, na zaidi kwa burudani au mashindano. Mwingereza Izaak Walton alichapisha kitabu mwaka 1653 kiitwacho The Compleat Angler, na hadi leo jina hilo linanukia mapumziko ya kando ya mto.

Nchini Uingereza kwenyewe uvuvi huo una utaratibu wake. Katika eneo la England, mtu anayevua kwa ufito samaki wa maji baridi anatakiwa kuwa na leseni kuanzia umri wa miaka 13, na kwa wenye miaka 13 hadi 16 leseni hiyo hutolewa bure.

Hapa ndipo watoto wengi hukosea. Mzee wa Kilwa anayetoka na ngalawa alfajiri na mshipi wake, akirudi na changu wa kuuza na wa kula nyumbani, anatumia ndoana kama "angler". Lakini Kiingereza hakimwiti hivyo, kwa sababu kwake kuvua ni riziki. Yeye ni "fisher" au "fisherman". Chombo ni kilekile, sababu ya kuvua ndiyo tofauti.

"FISHMONGER" HAVUI

Neno la nne ni la sokoni. "Monger" ni mchuuzi, na "fishmonger" ni muuza samaki, awe na duka au meza gengeni. Huenda hajawahi kukanyaga chomboni maisha yake yote. Kwa pwani ya Kenya, mama karanga anayenunua samaki kwa wavuvi, akawakaanga na kuwauza, yuko karibu na neno hili kuliko hayo mengine.

Mzazi amkanye mtoto kuhusu neno moja linalofanana na hayo: "fishwife". Zamani "wife" lilikuwa na maana ya mwanamke tu, na "fishwife" alikuwa mwanamke anayeuza samaki. Siku hizi neno hilo ni tusi kwa mwanamke anayedhaniwa kuwa na kelele na maneno makali. Mtoto asiliandike akidhani lina maana ya mke wa mvuvi, wala asimwite hivyo mama anayeuza samaki.

Yako pia maneno mawili ambayo mtoto atakutana nayo akiwa mkubwa. "Fisherfolk" ni jamii nzima inayoishi kwa uvuvi: wenye vyombo, mabaharia, wachuuzi, na familia zao. "Fish worker" ni anayefanya kazi kwenye samaki bila lazima ya kuwavua: anayepara, anayekausha, anayekaanga, anayebeba.

NENO LILIPOBADILIKA KWENYE MIKATABA

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya walimu wa lugha. Basi atazame Shirika la Kazi Duniani, ILO.

Mwaka 1959 shirika hilo lilipitisha mikataba mitatu kuhusu kazi ya uvuvi: mmoja wa umri wa chini, mmoja wa kupimwa afya, na mmoja wa makubaliano ya ajira. Katika majina yote matatu kwa Kiingereza liliandikwa neno "fishermen". Mwaka 2007 ukapitishwa mkataba mpya, Namba 188, ambao ulianza kutumika Novemba 2017. Huo unatumia "fisher".

Mkataba huo una mambo ambayo mzazi yeyote wa mwambao au wa kando ya ziwa angependa kuyajua. Umri wa chini wa kufanya kazi katika chombo cha uvuvi umewekwa kuwa miaka 16, na nafasi ndogo tu za kushuka hadi 15. Kazi za hatari haziruhusiwi kwa aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa masharti maalumu. Anayefanya kazi chomboni anapaswa kuwa na cheti cha daktari kinachoonyesha kwamba afya yake inamruhusu.

Lakini soma maana ya "fisher" ndani ya mkataba huo: ni mtu anayefanya kazi ndani ya chombo cha uvuvi. Mwanamke aliye chomboni sasa amehesabiwa. Mwanamke anayevua kwa miguu yake, maji yakiwa magotini, bado yuko nje ya neno.

Mashirika mengine yamejaribu kupanua mlango. Mwongozo wa hiari wa Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, kuhusu wavuvi wadogo, uliopitishwa mwaka 2014, unataja wavuvi pamoja na wafanyakazi wa samaki, wake kwa waume, kuanzia maandalizi ya kuvua hadi samaki anapofika sokoni. Mwaka 2023, FAO, Chuo Kikuu cha Duke na taasisi ya WorldFish walitoa ripoti iliyoonyesha kwamba watu wote wanaoshughulika na uvuvi mdogo duniani wakihesabiwa, wakiwamo wanaovua kwa chakula cha nyumbani, karibu 4 kati ya kila 10 ni wanawake.

Nchini Uganda, nyaraka za mapambano dhidi ya UKIMWI hutumia "fisherfolk" zinapotaja makundi yanayohitaji kuangaliwa kwa karibu. Kwa kusema hivyo zinamgusa pia mchuuzi anayelala mwaloni akisubiri mzigo. Zingeandika "fishermen" peke yake, huyo asingejiona.

KISWAHILI KIMEACHA MLANGO WAZI

Kwa bahati, Kiswahili hakina tatizo la "man". Mvuvi ni mvuvi, kama vile mkulima ni mkulima.

Hata hivyo, mazoea yamefunga mlango ambao lugha iliuacha wazi. Ukisema "wavuvi", wengi huona wanaume, tanga na nyavu. Wanawake wenyewe mara nyingi hawasemi wanaenda kuvua. Husema wanaenda pwani, au wanaenda kutafuta kitoweo. Ndani ya maneno hayo kuna saa nyingi za kazi: kuchokoa pweza wakati wa bamvua, kuokota chaza na kome, kutanda uduvi na dagaa kwa kitambaa. Hao ni samaki na viumbe wanaovuliwa, wanaoliwa na wanaouzwa.

Matokeo yake huonekana mahali ambapo wengi hawatarajii: kliniki. Mama mjamzito akiulizwa kazi yake, hujibu kwamba hana kazi, yupo nyumbani tu. Mhudumu huandika hivyo na kuendelea. Hamuulizi anasimama majini saa ngapi, anavaa nini miguuni, amebeba ndoo ya uzito gani, wala kama amewahi kuchomwa na mwiba wa taa. Angejibu kwamba anavua, maswali yangekuwa mengine.

KILA KAZI NA HATARI ZAKE

Hapa ndipo tofauti ya maneno inapogeuka kuwa tofauti ya ushauri.

Anayevua chomboni. Uvuvi unahesabiwa miongoni mwa kazi za hatari zaidi duniani, na hatari kubwa ni kuzama. Jaketi la kuokolea halina faida likiwa limekunjwa chini ya nyavu. Lazima livaliwe kabla ya chombo kuondoka. Familia ijue chombo kimeelekea wapi na kinatarajiwa saa ngapi. Mtoto asipelekwe kuvua usiku kwa kisingizio kwamba anajifunza kazi.

Anayevua kwa miguu. Adui zake ni mwamba unaokata, miiba, jua, na maji yanayojaa wakati yeye yuko mbali. Viatu vilivyofunika mguu ni vifaa vya kazi sawa na kijiti cha kuchokolea. Maji ya kunywa yasisahauliwe. Jeraha lisafishwe kwa maji safi na sabuni, na lifikishwe kwa mhudumu likivimba au likitoa usaha. Aliyechomwa na mwiba wa taa au wa samaki mwenye sumu husaidiwa na kuloweka sehemu hiyo kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, yakijaribiwa kwanza kwa mkono wa mtu mwingine ili yasimuunguze, huku akipelekwa kituo cha afya. Mjamzito ahakikishe amepata chanjo ya pepopunda.

Anayetanda kwa chandarua cha kitandani ana jambo jingine la kufikiria. Chandarua hicho kimetiwa dawa kwa ajili ya mbu wa malaria. Kikienda majini, watoto hubaki wazi usiku, na matundu yake madogo huzoa hata vichanga vya samaki ambao wangekuwa kitoweo cha mwaka kesho.

Anayefanya kazi kando ya ziwa. Kichocho hakiambukizwi kwenye maji ya bahari, lakini kwenye maziwa, mito na mabwawa kipo. Vimelea vyake havichagui aliye na wavu na asiye nao. Mama anayeingia majini kupokea dagaa, kuosha vyombo au kufua, na mtoto anayeogelea karibu naye, wote wanagusa maji yaleyale. Damu kwenye mkojo au kwenye choo ni sababu ya kwenda kupimwa. Dawa ipo, na kampeni za kumeza dawa zisipuuzwe na familia kwa kuwa tu baba ndiye mwenye mtumbwi.

Anayekausha, anayebanika na anayekaanga. Yeye hayuko majini, lakini moshi wa kuni na mafuta ya moto ni hatari za kazi yake. Jiko liwe mahali penye hewa ya kutosha, na mtoto mchanga asibebwe mgongoni mbele ya moshi. Hapo mapafu mawili hulipa gharama ya kazi moja, na madogo ndiyo huumia zaidi.

Anayevua kwa burudani. Hata "angler" wa siku ya mapumziko anahitaji kofia, uangalizi wa watoto ukingoni, na kujua pa kwenda ndoana ikiingia kwenye kidole. Ndoana iliyozama ndani ya nyama isivutwe kwa nguvu nyumbani. Aachiwe mhudumu aitoe.

MZAZI AMJIBUJE MTOTO

Mtoto akileta kazi ya aina hii, mzazi hahitaji kuwa mwalimu wa Kiingereza. Amfundishe kuuliza maswali manne kabla ya kuchagua neno: Mtu huyu anavua, au anauza? Anavua kwa riziki, au kwa starehe? Anamzungumzia mtu mmoja, au jamii nzima? Na je, anajua kwamba ni mwanamume, au amedhani tu?

Majibu yatamwongoza. Anayevua kwa riziki ni "fisher", au "fisherman" kama ni mwanamume au anapenda kuitwa hivyo. Anayevua kwa ndoana kwa starehe ni "angler". Anayeuza ni "fishmonger". Jamii nzima ya uvuvi ni "fisherfolk".

Kisha mzazi amgeuzie mtoto swali kwa Kiswahili: hapa nyumbani au hapa mtaani, nani ni mvuvi? Mtoto akitaja wanaume peke yao, amwambie ahesabu tena, aanze na kitoweo cha jana kilitoka mkononi mwa nani. Somo hilo halimo kwenye mtihani, lakini msichana anayelisikia mapema hatakua akidhani kwamba kazi ya mama yake si kazi.

Katika nyumba ile ya mwambao, mtoto sasa amefuta "mvuvi" ya tatu na kuandika kwamba "angler" ni mtu anayevua kwa ndoana kwa kujifurahisha. Kwenye "fisher" ameandika "mvuvi, mwanamume au mwanamke". Mama ameinamia daftari, miguu yake bado ina michirizi ya mwamba wa asubuhi.

Wiki ijayo ana siku yake ya kliniki. Akiulizwa kazi yake, jibu ni neno moja la Kiswahili, nalo analijua tangu utotoni: mvuvi.